Msalaba Uliolazwa Barabarani

Tangu nikabidhi funguo za gari la wagonjwa, madereva vijana wa wilayani wamekuwa wakinipigia simu kuuliza mambo. Wengi huuliza kuhusu gari: kwa nini klachi inanuka wakipanda kutoka ziwani, au tairi gani linafaa kwenye tope jekundu. Mmoja tu ndiye aliyeuliza kama kuna safari ambayo mpaka leo nikiikumbuka viganja vinatoka jasho. Nikamwambia ipo, ila haisimuliki kwa simu, na salio lake lilikuwa dogo. Basi naiandika hapa, pamoja na machache yaliyoitangulia ili ieleweke. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo vilikuwa vichache, na mshahara wa dereva kila mtu anaujua.

Mimi ni Mwislamu, mtu wa Kondoa. Niliripoti Mbinga mwezi wa sita, baridi ikiwa kali, nikiwa nimevaa shati la mikono mifupi, kosa ambalo mtu hulifanya mara moja tu. Dereva mkuu wa hospitali alikuwa Mzee Ndunguru, Mmatengo wa hapo hapo, mtu mfupi mwenye sauti ya chini. Nilitarajia anipe funguo. Akanipa ndoo. Wiki nzima nililiosha gari kwa chini, nimelala chali kwenye zege la baridi, mpaka nikajua kila boliti ilipo na kila chuma kilichokunjwa na barabara gani. Alisema dereva asiyelijua gari lake kwa chini ni abiria anayeshika usukani.

Safari ya kwanza alinipeleka Chiwanda, kusini kabisa kwenye ufuko wa ziwa. Kwenye mteremko nilikanyaga breki mfululizo mpaka zikaanza kunuka. Hakunifokea. Aliniambia nisimame, akashuka, akatema mate kwenye rimu ili niyasikie yakichemka, kisha akapanda na kusema mlima unateremkwa kwa gia, breki ni za kuombea msamaha. Jambo lingine alilonifundisha ni maji. Usiingie kwenye maji ambayo hujayatembea kwa miguu yako. Hata kama mgonjwa analia, shuka, chukua fimbo, pima. Dakika mbili zako zinaweza kumwokolea yeye saa mbili.

Mzee Ndunguru alikuwa Mkatoliki wa kufunga kweli, na yeye ndiye aliyeanzisha mpango wetu wa zamu. Sikukuu za Kikristo sisi Waislamu tunakaa kazini, Idi wanakaa wao. Hapakuwa na barua wala kikao, na sikumbuki kama kuna aliyewahi kuuvunja. Kwa hiyo sikukuu zao nilizijua kwa barabara zake. Krismasi ni pikipiki iliyobeba watu wanne na dereva aliyelewa. Jumatatu ya Pasaka ni matumbo, kwa sababu watu wamefunga siku arobaini na nyama ni ya jana. Ijumaa Kuu haikufanana na siku yoyote. Kengele ya kanisa hailii, watu wanasalimiana kwa sauti ndogo, hata wanaouza maandazi stendi hawaiti wateja. Niliwahi kumwuliza Mzee Ndunguru siku hiyo wanasherehekea nini. Akanijibu kwamba hawasherehekei kitu. Siku hiyo hata misa hakuna. Wanakaa na aliyekufa. Niliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Miaka ikapita, Mzee Ndunguru akastaafu, nikawa mimi ninayegawa ndoo. Ikaja Ijumaa Kuu ninayotaka kuisimulia. Mwaka siutaji kwa sababu wahusika wapo na wana aibu zao.

Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Yapata saa tatu asubuhi simu ikaita. Alikuwa Nesi Felista wa zahanati moja ya upande wa Kitura. Mama mmoja, jina lake Veneranda, alikuwa amejifungulia nyumbani alfajiri. Mtoto mzima, lakini kondo la nyuma lilikuwa halijatoka na damu haisimami. Felista hakuwa mtu wa kutia chumvi. Akisema njoo, unakwenda. Akisema njoo sasa, unakwenda ukiwa bado unavaa koti.

Bondeni, kabla ya mlima wa mwisho, niliwakuta waumini wa kigango, kanisa dogo la kijijini, wamekusanyika kuanza Njia ya Msalaba. Wangepanda barabara ile ile, wakisimama vituo kumi na vinne, mpaka kanisani kwao juu. Mbele yao wanaume wanane walikuwa wamejitwika msalaba wa magogo ya mkaratusi yaliyochongwa pembe nne. Waliniachia njia. Katikati ya mlima kuna korongo lenye kalavati, na maji yalikuwa yanapita juu yake. Nikashuka, nikapima kwa fimbo, yakaishia chini ya goti. Niliona ukingo wa kulia, ambao ungekuwa kushoto kwangu wakati wa kurudi, umeanza kumeguka. Nikajiambia nitarudi upesi. Kijana unayesoma, kumbuka sentensi hiyo. Kila ajali niliyowahi kuifikia, kuna mtu alikuwa ameshaisema.

Zahanati hatukukaa hata dakika kumi. Tulimpakia Veneranda kwenye machela, Felista akapanda naye huku ameinua dripu kwa mkono, na mama mkwe wake akapanda na kichanga ndani ya kanga. Nilipofungua kidirisha cha nyuma ya kiti changu Felista aliniambia kwa upole kwamba presha inashuka. Upole wake ndio ulionitia hofu.

Tulipokata kona ya korongo nikakanyaga breki, safari hiyo bila kuomba msamaha. Upande wote wa kushoto wa kalavati ulikuwa umekwenda na maji. Palibaki shimo la upana wa hatua moja na nusu na kina cha kumfunika mtu, maji mekundu yakipita chini kwa kasi. Upande wa kulia ulikuwa umesimama, wa kutosha tairi moja na mtu kupita kando yake. Ng'ambo ya pili walikuwa wale waumini, kama sitini hivi. Walikuwa wamefika hapo wakasita kuvuka na mzigo ule, wakautua msalaba chini.

Nilipiga simu hospitali. Gari la pili lilikuwa limeteremka Chiwanda, lisingefika kabla ya alasiri. Njia ya kuzunguka ilikuwepo, ya saa mbili, na kwa mvua ile sikujua kama nayo bado ipo. Nikamwuliza Felista kama tunaweza kumvusha kwa machela na kumweka kwenye pikipiki. Akashika kiganja cha mgonjwa. Kisha akasema, "Kaka Shabani, saa mbili hana. Saa moja sijui."

Wanaume waliacha nyimbo wakaanza kubeba mawe. Tuliyatupa shimoni, maji yakayachukua kama punje za mahindi. Yalihitajika mbao, au gogo. Pande zote za barabara zilikuwa ngolo, yale mashimo ya kilimo cha Kimatengo yanayofunika mlima kama mizinga ya nyuki, na juu yake kahawa na migomba. Mti wa kahawa haubebi gari. Mgomba ni maji matupu. Nyumba ya karibu ilikuwa mwendo wa nusu saa kwa miguu, kupanda. Nilikuwa na panga na sepetu, hakuna kingine.

Nikaona jambo la ajabu. Kelele zilipungua, wale waliobeba mawe wakasimama, na macho ya watu wote yakaenda mahali pamoja. Na mimi nilikuwa nimeshaona kabla yao, ila nilikuwa naangalia pembeni.

Aliyevunja ukimya ni Katekista Kinunda, kiongozi wao wa kigango, mtu mrefu aliyevaa kanzu nyeupe iliyochafuka tope mpaka kiunoni. Alimgeukia mzee mmoja aliyesimama karibu na msalaba, akamwuliza kama magogo yanafunguka. Mzee huyo alikuwa Mapunda, fundi seremala, aliyeuchonga mwenyewe na kuutoa kanisani mwaka aliozikwa mkewe. Mzee Mapunda alijibu kwamba yameshikwa kwa boliti mbili, na kwamba yeye alichonga msalaba, hakuchonga daraja.

Wengine wakamuunga mkono. Mama mmoja akaanza kulia. Mwanaume mmoja akasema kwa nguvu kwamba siku zote za mwaka zipo, kwa nini iwe leo. Katekista hakubishana nao. Alivuka kwa upande wa kulia mpaka kwenye gari, akafungua mlango wa nyuma, akatazama ndani. Alikaa hapo muda mfupi. Alipogeuka, mama mkwe wa Veneranda alishuka na kichanga kifuani, akavuka akaenda kusimama mbele ya Mzee Mapunda. Hakumwonyesha mtoto. Alisimama tu.

Mzee Mapunda akanitazama mimi. Akaniuliza kama nina spana namba kumi na tisa.

Nilikuwa nayo. Nilipompelekea nikasema jambo nililokuwa nikilificha tangu mwanzo. Nilisema magogo walaze, lakini mimi sipiti juu yake. Nilisema mimi ni Mwislamu, kesho hakuna atakayekumbuka mgonjwa, kitakachokumbukwa ni kwamba Mwislamu amekanyaga msalaba siku ya Ijumaa Kuu. Watafute mtu wao aendeshe. Hapakuwa na mtu wao. Palikuwa na vijana wawili wa pikipiki na mzee aliyewahi kuendesha trekta la ushirika zamani.

Katekista Kinunda alinishika bega. "Dereva," akasema, "sisi tumekuja huku kumkumbuka mtu aliyekanyagwa na watu wakapona. Kama kuna siku msalaba unakanyagwa, ni leo. Mimi nitatembea mbele ya gari. Watakaouliza, watauliza nani aliyekuongoza."

Mzee Mapunda alifungua boliti mwenyewe. Alikataa kusaidiwa. Nati ya pili ilikuwa na kutu, na wakati anahangaika nayo Felista alitoa kichwa akasema presha haisomeki vizuri. Hakuna aliyemhimiza mzee. Ilipoachia aliibusu, akaitia mfukoni pamoja na ile ya kwanza.

Tukayalaza magogo sambamba juu ya shimo, lile refu na lile fupi, tukachimbia ncha kwa sepetu na kuzishindilia mawe. Yakilazwa pamoja yalikuwa mapana kuliko tairi kwa vidole vitatu kila upande. Nilimwambia Felista mgonjwa avushwe kwanza kwa miguu, maana gari likianguka lisianguke naye. Wale wanaume wanane waliokuwa wamebeba msalaba wakaibeba machela. Walivuka upande wa kulia wakigusana mabega, Felista nyuma yao ameinua dripu, na sijawahi kuona watu wakitembea polepole vile.

Nikabaki peke yangu na gari. Nilivua viatu. Siwezi kueleza kwa nini. Si sheria ya dini yao wala ya kwangu, na katika kazi ya udereva ni kosa. Ila miguu ilikataa kukanyaga klachi nikiwa navyo. Nikaviweka kando ya barabara, nikapanda, nikatia gia ndogo kabisa.

Katekista alisimama kwenye ukingo wa kulia, uso wake kwangu, mikono juu, akirudi nyuma hatua kwa hatua. Nilitazama viganja vyake tu. Kushoto kidogo. Nyoosha. Njoo. Tairi la mbele lilipanda gogo, gari likainama upande wangu wa kushoto na nikasikia mbao zinazama kwenye tope. Likapita. Nilipofika nusu, tairi la nyuma likiwa limepanda, gogo fupi likatoa mlio kama mfupa. Viganja vya katekista havikusita. Vingesita, mguu wangu ungeondoka kwenye mafuta na leo msingesoma haya. Nikaongeza mafuta kidogo, gari likateleza, likashika, likatoka.

Hakuna aliyepiga vigelegele. Walimpakia Veneranda, Felista akagonga bodi mara mbili, nikaondoka. Kwenye kioo niliwaona wanaume wameingia korongoni mpaka kifuani, wanayatoa magogo yao.

Tulifika hospitali saa sita na kitu. Daktari alimpokea mlangoni, wakaenda naye chumba cha upasuaji. Ndipo karani wa mapokezi aliponiuliza viatu viko wapi.

Jumamosi ilikuwa mbaya kuliko Ijumaa. Veneranda alikuwa ametoka chumba cha upasuaji lakini hajafumbua macho, na kabla ya saa nne asubuhi mkuu wangu wa kazi aliniita. Alikuwa amepigiwa simu na watu watatu. Katika simu ya kwanza nilikuwa nimepita juu ya msalaba. Katika ya pili nilikuwa nimepiga honi. Katika ya tatu nilikuwa nimecheka. Mkuu alikuwa mtu mwema, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia nisitoke nje ya ua wa hospitali mpaka mambo yatulie. Nilikaa kwenye gari siku nzima bila safari. Majirani wawili Wakristo walipita wakanisalimu, mmoja akapita bila kunisalimu, na nikajikuta nawahesabu. Nilifikiri juu ya watoto wangu, wote wamezaliwa Mbinga, hawajui Kirangi, lugha yetu, wala njia ya kwenda Kondoa. Nilijiuliza kama tutafunga mizigo.

Veneranda alifumbua macho siku hiyo ya Jumamosi, adhuhuri. Si Jumapili. Nasisitiza kwa sababu kule kwao wapo wanaopenda kuisogeza mbele siku moja.

Jumatatu ya Pasaka niliambiwa kuna mzee getini ananitaka. Alikuwa Mzee Mapunda, amevaa koti la sikukuu, ameshika mfuko. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, tukakaa kwenye benchi la mapokezi. Halafu akatoa viatu vyangu kwenye mfuko. Vilikuwa vimeoshwa na kupakwa rangi.

Akanieleza yaliyotokea baada yetu. Walifunga tena msalaba kwa boliti zile zile, wakaupandisha kanisani. Saa tisa alasiri ni wakati ambao watu hupanga mstari, wanapiga magoti mmoja mmoja na kuubusu. Mtu alileta ndoo aoshe tope. Katekista akasema uachwe. Wapo waliokasirika wakatoka, na hao ndio waliopiga simu. Waliobaki walipanga mstari, wakabusu mbao zenye alama za tairi. Mzee Mapunda alisema yeye hakutaka kubusu. Alikuwa bado na uchungu wa ufa kwenye gogo fupi. Alisimama mwisho wa mstari, na ilipofika zamu yake hapakuwa na mahali pasipo na tope, kwa hiyo akabusu tope.

Jumapili, baada ya misa, ilikaa halmashauri ya walei, yaani waumini wasio mapadri, pamoja na paroko. Waliotaka dereva ashitakiwe walisema sana. Mzee Mapunda alisimama akaweka kiganja mezani. Aliniambia maneno aliyosema, na ananiruhusu niyaandike: "Boliti nilifungua mimi. Msalaba ni wangu, nilimtolea marehemu mke wangu, naye alikufa kwa uzazi, barabara hii hii, kwa kukosa gari. Anayetaka kushitaki aanze na mimi."

Hapo kikao kilikwisha. Paroko aliomba wote wasimame wasali, na wale waliokuwa wamepiga simu walisimama pia.

Nilimwuliza kama nimpeleke wodini akamwone Veneranda. Akasema ndicho kilichomleta, viatu vilikuwa njiani tu. Alikaa karibu na kitanda kama nusu saa, hakumsemesha sana. Aliuliza mtoto ni wa kike au wa kiume. Akaambiwa wa kike. Akasema vizuri.

Sikubadili dini, na hakuna aliyeniomba. Niliendelea kushika zamu za Ijumaa Kuu mpaka nilipostaafu, na swala ya Ijumaa siku hiyo nimeikosa mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Lakini kauli ya kukaa na aliyekufa, niliyoisikia nikiwa kijana nikaitikia kwa kichwa, nadhani niliielewa kwenye benchi lile la mapokezi. Mzee Mapunda alikuwa amekaa na marehemu wake miaka mingi. Siku ile alisogea kidogo akampisha aliye hai.

Korongoni siku hizi kuna kalavati la zege, pana, lenye kingo. Ijumaa Kuu yangu ya mwisho kazini nilipita pale asubuhi na nesi kijana aliyetoka Mwanza, hajamaliza mwezi kazini. Hatukuwa na mgonjwa, tulikuwa tunapeleka dawa. Tuliwakuta kwenye Njia ya Msalaba. Walikuwa wameulaza msalaba chini, upande ule ule wa barabara uliowahi kumeguka, wamesogea pembeni wote, hawaimbi wala hawasali kwa sauti. Nilipunguza mwendo, nikasimama, nikazima injini. Nesi, ambaye ni Mkatoliki, alihesabu vituo kwa vidole, akaona hapo hapana kituo. Akaniuliza kwa kunong'ona wanafanya nini.

Nikamwambia wanasubiri gari lipite.